Mtandao Haushiki: Kuchunguza Simu za GSM za Mwanzo, Lamu na Malindi

Mtu akileta simu ya kizamani mezani kwa fundi huanza na habari za maji: iliangukia wapi, ilikaa chini muda gani, ilianikwa juani au ilifukiwa kwenye mchele. Mimi humkatiza kwa adabu. "Hii ilinunuliwa nchi gani, ami?" Wengine hununa, wakidhani nawashuku. Lakini kwa simu zilizotengenezwa tangu mwanzo wa miaka ya 1990 hadi kama 2005, nchi ya kununuliwa ni nusu ya uchunguzi, na mara nyingi bisibisi haihitajiki kabisa.

Pwani hii simu hazikuja kwa njia moja. Malindi nyingi zililetwa na Waitaliano, wakawaachia wapishi, mabawabu na madereva wao. Lamu zimetoka Maskat, Jidda na Dubai mifukoni mwa jamaa, na nyingine zimekuja na zawadi kutoka Uingereza na Marekani. Kwa sura utasema ni pacha, ila kila moja imetengenezwa kwa minara ya soko lake. Mitandao ya Kenya bado inarusha GSM, ule mfumo wa kidijitali wa simu zinazotiwa laini, kwa hiyo Nokia ya 1999 iliyo ya aina yetu inapiga na kupokea hadi leo. Isiyo ya aina yetu haitashika hata ukiipandisha kwenye mnara wa msikiti wa Riyadha.

Nakwenda kwa dalili, nikianza na ile inayomaliza kazi mapema.

Hakuna mahali pa kutia laini

Toa betri. Ikiwa chini yake hakuna nafasi ya laini, wala ubavuni, wala kichwani, usihangaike. Hiyo si GSM, na hakuna fundi wa Mkomani, Lamu, wala wa Malindi mjini atakayeigeuza iwe GSM, hata akikuomba siku mbili.

Ina maana ni moja kati ya aina tatu. Ya kwanza ni simu ya analogi. Kenya yenyewe ilianza na analogi: shirika la posta na simu lilizindua mtandao wa ETACS mwaka 1993, simu zikiwa ghali kiasi cha kuwa mali ya mawaziri na matajiri. Italia nayo ilikuwa na mtandao wa TACS ulioendelea kwa miaka mingi sambamba na GSM, na hapo ndipo Malindi inapoingizwa mtegoni. Motorola za kukunja za MicroTAC na StarTAC zilitoka kwa matoleo ya analogi na matoleo ya GSM, umbo likiwa moja. Unaona StarTAC nzuri, nyeusi, haina mkwaruzo, unadhani umeokota dhahabu. Fungua betri kwanza.

Ya pili ni CDMA ya Marekani, ambayo namba huandikwa ndani ya simu yenyewe na kampuni iliyoiuza. Telkom iliwahi kutoa huduma ya CDMA hapa kwetu kabla haijazindua GSM kwa jina la Orange mwaka 2008, na kuna watu wanaodhani simu za CDMA kutoka kwa shemeji wa Marekani zingefanya kazi wakati ule. Zisingefanya: mtandao ulipaswa kuitambua simu yenyewe, na kila kampuni ilikuwa na orodha yake. Ya tatu ni TDMA, nayo ya Marekani, mfano Nokia 5120 na 5160. Hizi zinachanganya zaidi kwa kuwa gamba lake ni la 5110 tunayoijua sote.

Simu hiyo weka kabatini, au mpe mtoto acheze mchezo wa nyoka kama umo.

Laini inasomwa, lakini mtandao hauji hata nje uwanjani

Hii ndiyo dalili yenye mambo mengi, na ndiyo inayowapa watu hasara kwa kubadilishiwa antena isiyo na kosa.

GSM ni moja kwa jina, lakini hurushwa kwenye masafa tofauti. Simu ya kwanza ya kibiashara ya GSM ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991, kwenye bendi (kundi la masafa) ya 900. Bendi hiyo ndiyo iliyotapakaa Ulaya, Uarabuni na Afrika: simu hutuma kati ya 890 na 915 MHz, mnara hutuma kati ya 935 na 960. Baadaye ikaja 1800. Marekani masafa hayo yalikuwa yana shughuli nyingine, wakaiweka GSM yao kwenye 1900, kisha na 850. Simu ya bendi moja ya 1900 iliyoko Lamu ni kiziwi. Si kwamba inasikia kidogo, haisikii chochote.

Kencell (Airtel ya leo) walipofungua Agosti 2000 na Safaricom Oktoba mwaka huohuo, msingi ulikuwa 900. Ile ya 1800 hutumika kuongeza nafasi penye watu wengi. Kwa hiyo swali linakuwa: simu hii ina bendi gani?

Jibu liko kwenye kibandiko chini ya betri, si kwenye gamba la mbele. Kwa Nokia tafuta neno TYPE. Nokia 5110 ya 900 imeandikwa NSE-1. Nduguye 5130, ya 1800 peke yake, ni NSK-1. Nduguye mwingine 5190, ya 1900 ya Marekani, ni NSB-1. Zipange mezani zote tatu, mfiche vibandiko, hata aliyeziuza hatazitambua. Nokia 3210 ya NSE-8 na 3310 ya NHM-5 zina 900 na 1800 pamoja, na ndiyo sababu moja ya kusambaa kwake hapa. Lakini 3310 ina pacha wa Marekani anayeitwa 3390, wa 1900 tu. Hata mulika mwizi, Nokia 1100 ya mwaka 2003, ilikuwa na toleo la Marekani la 850 na 1900. Tochi yake inawaka vizuri, na hilo ndilo linalomwuzia mtu.

Sasa tafsiri kwa nchi. Simu ya Uarabuni ya miaka ile karibu kila mara ni 900 au 900 na 1800: inafaa. Ya Italia yenye laini, vilevile. Ya Uingereza inategemea. One2One walioanza London mwaka 1993 na Orange waliofuata 1994 walijenga mitandao yao kwenye 1800 peke yake, kwa hiyo simu zao za mwanzo ni za bendi hiyo moja. Itashika Malindi mjini ikiwa mnara wa karibu una 1800, na itanyamaza ukifika shambani au visiwani. Mwenyewe atakuambia "inashikashika", na hapo umeshajua bila kufungua kitu. Ya Marekani chukulia haifai mpaka kibandiko kiseme vingine. Zipo za bendi tatu, kama Motorola Timeport L7089 ya 1999 yenye 900, 1800 na 1900. Baadhi ya simu za bendi tatu huwa na menyu ya kuchagua kundi la bendi, na mtu aliyetoka nayo Marekani ameiacha kwenye kundi la huko. Ibadilishe kwa mkono kabla hujaihukumu.

Kuna kisababu kimoja zaidi ambacho mafundi wengi hawakijui. Bendi ya 900 ya awali ilikuwa na chaneli 124. Baadaye ikapanuliwa kwa kuongezewa MHz 10 upande wa chini, chaneli zinazohesabiwa kutoka 975 hadi 1023 pamoja na sifuri. Simu nyingi za kizazi cha mwanzo zinajua zile 124 tu. Mnara ukitangaza kwenye chaneli ya nyongeza, 3310 yako inaona mistari minne na simu ya 1995 ya mzee aliyekaa kando yako haioni kitu, ingawa zote mbili ni "900". Ukitembea hadi penye mnara mwingine, ya mzee inaamka. Dalili yake ni hiyo: kuzimika kwa mtandao kunafuata mahali, hakufuati simu kutikiswa wala kuanguka. Fundi mwenye waya wa kuwashia ile menyu ya siri ya Nokia ya kupima mtandao anaweza kuthibitisha. Ukurasa wake wa kwanza unaonyesha namba ya chaneli, na simu mpya zaidi ikiwa imekaa kwenye 975 kwenda juu mahali ambapo ya zamani haioni kitu, umepata jibu.

Mtandao unaonekana kwenye orodha, lakini simu inakataliwa

Ingia kwenye menyu, chagua kutafuta mtandao kwa mkono, subiri. Usiharakishe, simu hizi huchukua muda. Ikileta orodha yoyote, furahi: bendi ni sahihi, antena nzima, masikio yanafanya kazi. Shida imehamia kwenye ruhusa.

Usishtuke orodha ikileta majina ya ajabu. Majina ya mitandao yalihifadhiwa ndani ya simu kiwandani. Simu iliyotoka wakati wa Kencell itaendelea kukuandikia Kencell, ingawa kampuni hiyo imekuwa Celtel, kisha Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Na simu iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2000 haijui jina lolote la hapa, itaandika tarakimu tu: 639 02 ni Safaricom, 639 03 ni Airtel. Hiyo 639 ni Kenya. Nimeona watu wakirudisha simu dukani kwa sababu "imeshika mtandao wa nje". Imeshika wa kwao.

Ukichagua mtandao wako nao ukakataa, fuata mpangilio huu.

Anza na laini yenyewe kwa kuitia kwenye simu nyingine. Laini iliyokaa mtungini miaka imeshafungwa, na huenda namba yake ina mwenyewe mpya. Isiyosajiliwa nayo ndiyo hiyohiyo.

Kama laini ni nzima, angalia kufuli. Simu nyingi za Ulaya ziliuzwa kwa bei ya chini kwa sharti zitumie laini ya kampuni moja tu, na zile za kwanza za 3G zilizoanza kuuzwa 2003 zilifungwa zaidi. Kioo husema "SIM card not accepted" au maneno kama hayo, na husema mara tu baada ya kuwasha, hata kabla ya kutafuta mnara. Hiyo ndiyo tofauti ya kushika: kufuli linakataa papo hapo, mtandao unakataa baada ya kutafuta. Namba za kufungulia zipo na huhesabiwa kutokana na IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe, lakini Nokia nyingi zinakupa majaribio matano tu kwenye vitufe. Usimruhusu kijana wa dukani abahatishe. Yakiisha, ni waya na kompyuta.

Kisha IMEI. Bonyeza *#06#. Tarakimu 15 zitokee, na zilingane na kibandiko. Zikiwa sifuri tupu, au alama za kuuliza, kuna mtu aliyebadilisha programu ya simu akaharibu utambulisho wake. Tangu tarehe 30 Septemba 2012, tume ya mawasiliano ilipoamuru simu bandia zizimwe, IMEI isiyo halali ni sababu tosha ya kukataliwa na kila mtandao, laini yoyote utakayotia. Kukataliwa na wote kwa pamoja ndiyo dalili yake.

Mwisho kuna jambo dogo linalosumbua watu wa Malindi wenye laini mbili wanazobadilishana. Laini hukumbuka mitandao minne ya mwisho iliyoikataa na haijaribu tena yenyewe. Ulipoitia kwenye simu yenye matatizo ikakataliwa, kumbukumbu ile inabaki. Chagua mtandao kwa mkono mara moja, ukikubali, unafutika.

Jambo moja la ustaarabu: usipige 112 ili "kupima". Simu ya GSM inaruhusu namba ya dharura hata bila laini, kwa hiyo itaita kweli, na mtu atapokea kweli.

Simu inasema itie laini, na laini imo

Upepo wa bahari unakula shaba. Lamu simu iliyokaa kabatini mwaka mmoja hufunguliwa ikiwa na kijani kwenye meno ya laini. Futa kwa pamba yenye spiriti, kisha laini yenyewe isugue taratibu kwa kifutio cha penseli. Inua meno kidogo kwa sindano ikiwa yamelala. Hapo nusu ya kesi zimekwisha.

Zilizobaki zinatokana na laini kuwa changa kuliko simu. Kadi za leo hukatwa ndogo sana, na ile ndogo kabisa ni nyembamba pia, unene wa milimita 0.67 badala ya 0.76. Ukiivisha adapta ya plastiki inacheza, inaguswa ukitembea na kukatika ukikaa. Kipande cha karatasi nyuma yake hutosha. Simu za mwanzo kabisa za GSM zinataka kadi nzima, ukubwa wa kadi ya benki. Usinunue adapta: plastiki uliyobandulia laini mpya ndiyo kadi yenyewe. Irudishe laini mahali pake, ishike kwa utepe mwembamba upande wa nyuma, uisukume yote ndani. Watu huitupa plastiki hiyo dukani palepale.

Umeme nao una umri. Simu za kizazi cha kwanza huipa laini volti 5, zilizofuata volti 3, kisha 1.8. Kadi nyingi za sasa zimeandaliwa kwa volti za chini, na baadhi hukataa kuitikia volti 5. Na kuna kadi za siku hizi zisizobeba tena ile programu ya kale ya GSM. Dalili ni moja: laini inafanya kazi kwenye simu zote za nyumbani isipokuwa ile kongwe. Jaribu laini ya zamani iliyo hai, ya mama au ya bibi, ambaye hajawahi kubadilisha kadi. Ikisomwa, simu haina kosa, na kilichobaki ni kuomba dukani kadi ya aina nyingine.

PIN ukikosea mara tatu inataka PUK, na PUK ukikosea mara kumi kadi imekufa. Namba ya usalama ya Nokia ni kitu kingine, haihusiani na laini. Kiwandani huwa 12345, na Waitaliano wengi hawakujisumbua kuibadilisha.

Barazani inashika, ndani inakata

Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta pana kama mkono, vyumba vimefuatana kuelekea ndani, na madirisha ya nje machache kwa ajili ya stara. Mawimbi ya redio hayakuwamo kwenye mawazo ya mafundi waashi. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ukuta unavyoyameza, kwa hiyo 900 hupenya vizuri kuliko 1800. Isitoshe simu ina ruhusa ya kutuma hadi wati 2 kwenye 900, lakini wati 1 tu kwenye 1800.

Hapo tofautisha. Ikiwa unamsikia mwenzako vizuri naye anasema "huskiki, huskiki", mnara unakufikia lakini wewe huufikii: mnara una nguvu nyingi kuliko simu. Sogea, usipige kelele. Ikiwa wote wawili mnakatika, ni ukuta.

Dawa haimo kwenye simu. Panda juu ya paa, au simama kwenye ua wa katikati ya nyumba palipo wazi. Asiyeweza kupanda ngazi kila simu inapoita, aiache ya pili juu yenye laini nyingine na kuelekeza simu huko wakati hii haipatikani: piga **62* kisha namba ya simu ya juu kisha #. Kuondoa ni ##62#. Ni amri za GSM yenyewe, hazibagui simu wala kampuni, ingawa dakika zilizoelekezwa utazilipia wewe.

Malindi shida hii ni ndogo. Huko lawama iangukie magamba ya rangi ya fedha waliyovishwa 3310 ili zing'ae. Rangi yenye madini mbele ya antena iliyo ndani ni pazia. Rudisha gamba la plastiki.

Na ile namba ya *3370# ambayo vijana wanapeana kama siri ya kuongeza betri? Haiongezi chochote. Kwenye Nokia za wakati ule inawasha usimbaji bora wa sauti, ambao unakula betri zaidi. Inayopunguza matumizi ni *4720#, na sauti inapungua nayo.

Baharini: mistari imejaa, simu haitoki

Wavuvi wanalijua hili kuliko mafundi. Uko kwenye mashua mbali na pwani, hakuna ukuta, hakuna mlima, simu inaonyesha mistari mitatu, minne. Unapiga, inatafuta, inakata. Unarudi nchi kavu kidogo, mistari ileile, sasa inaita.

Nguvu ipo, kinachokosekana ni wakati. Chaneli moja ya GSM hugawiwa zamu nane, na kila simu hutuma kwenye zamu yake kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wimbi la redio lina mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini hata huo ni mwendo: kutoka mbali linachelewa. Ni kama wanaopokezana kasida ukumbi mzima. Aliyekaa nyuma kabisa lazima aanze kabla kidogo ili sauti yake ifike mbele kwa zamu, isimwangukie anayefuata. Mnara huiambia simu ianze mapema kiasi gani, kwa ngazi kutoka 0 hadi 63. Kila ngazi ni kama mita 550. Zidisha, unapata kilomita 35 hivi. Zaidi ya hapo hakuna ngazi iliyobaki ya kuambiwa.

Bara, mtu hafiki mpaka huo, milima na miti imeshamkata. Bahari ni tambarare, na siku za joto na maji kutulia, tabaka la hewa juu yake hulibeba wimbi mbali kuliko kawaida. Ndiyo maana dalili hii ni yetu, na vitabu vya fundi wa bara haviizungumzii.

Kwa hiyo mtu akikuuzia antena ndefu ya kufunga mlingotini, muulize kwanza tatizo lako ni lipi. Mistari michache na sauti kukatika: antena iliyopanda juu itakusaidia, inunue. Mistari imejaa na simu haitoki: utajaza mistari zaidi ya kutazama. Chagua mtandao wa pili kwa mkono, huenda mnara wake uko karibu zaidi na mahali ulipo, ama sogea. Kampuni inaweza kuongeza umbali kwa kumpa kila mtu zamu mbili badala ya moja, lakini hiyo ni kazi ya mnarani. Kwa yule mwenye ile menyu ya kupima mtandao, namba ya ngazi imo kwenye ukurasa wa kwanza; ikigonga 60 na kitu, umefika ukingoni.

Manahodha wa safari ndefu waliwahi kutumia Thuraya za mwanzo, zilizoshika setilaiti na GSM ya 900 kwa kifaa kimoja. Bado nyingine zipo. Lakini kwa dharura baharini, redio ya VHF kwenye chaneli 16 husikika na kila chombo kilicho karibu, simu humfikia mtu mmoja tu. Usitoke kwa kutegemea mistari ya kioo.

Mtandao upo, lakini huduma hazitimii

Menyu ya M-Pesa haionekani. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikaa ndani ya laini, na simu ilipaswa kujua kuisoma menyu hiyo. Simu za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1990 nyingi hazijui, laini iwe mpya vipi. Jaribu *334#, kongwe sana hata hiyo itaishindwa.

Ujumbe wa pesa unafika vipande viwili vyenye herufi za ovyo mwanzoni. Simu haijui kuunganisha ujumbe unaozidi herufi 160. Soma vipande, usifute cha kwanza. Salamu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zikija kama vijumba vitupu, hakuna dawa. Bahasha inayometa ina maana ya nafasi kujaa: futa.

Ujumbe hautoki ingawa simu inapiga. Huenda namba ya kituo cha ujumbe si ya mtandao wako. Ichungulie kwenye simu ya jirani mwenye mtandao mmoja nawe, uinakili kuanzia +254.

Lugha ni ya kigeni. Kwa Siemens, *#0001# na kitufe cha kijani huleta Kiingereza. Kwingine, hesabu hatua za menyu kwenye simu ya aina ileile.

Chaja imetoa moshi. Ilitoka Marekani, imeandikwa 120V, nawe umeitia kwenye 240. Inayosoma 100-240V ndiyo salama. Saudia ilikuwa na nyumba za volti 127 na za 220, kwa hiyo hata chaja ya Jidda isome kabla ya kuiamini.

Spika za msikiti zinatoa mkoromo wa vipande vipande sekunde chache kabla ya simu ya mtu kuita, au hata isipoita. Hakuna kilichoharibika. Simu hutuma kwa vishindo 217 kila sekunde, zamu kwa zamu, na waya wa maikrofoni huvidaka kama antena. Visivyofuatwa na mlio ni simu kujitambulisha kwa mnara. Weka waya wenye wavu wa kinga badala ya waya mtupu, uuunganishe wavu huo na ardhi upande wa amplifaya, na mwadhini aache simu yake kwenye kidaka cha mbali na mimbari.